Kupitisha reli ya mjini chini ya maji: mfano wa Likoni

Anayetaka kurefusha reli ya mjini hadi ng'ambo ya mto au mkono wa bahari asianze kuchora stesheni kabla hajaijua ardhi. Tuchukue Likoni, kivuko cha feri kati ya kisiwa cha Mombasa na bara la kusini: kisiwa hicho kina mwamba wa matumbawe, uleule uliobeba Ngome ya Yesu tangu 1593, na mwamba wa namna hiyo huwa na mapango na nyufa zinazopitisha maji. Kwa hiyo mashimo ya uchunguzi yachimbwe kwa kukaribiana katika njia nzima, hata katikati ya kivuko. Kwangu mimi, hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi kuliko hii: chini ya mto Thames, London, ambako mhandisi Marc Brunel alianza kuchimba handaki 1825, maji yalivunja na kuingia 1827, yakarudi 1828 na kuua watu sita, na handaki likafunguliwa 1843 tu.

Hatua ya pili ni kina. Juu ya handaki la kutobolewa ibaki ardhi isiyopungua kipenyo chake; tuseme maji ni mita 20, ardhi mita 7 na handaki mita 7, basi reli itakuwa mita 34 chini ya uso wa bahari. Kwa mteremko wa mita 3 kwa kila 100, treni itahitaji zaidi ya kilomita moja kila upande ili ipande juu, na hapo ndipo stesheni inapoweza kuangukia mbali na pale abiria wa feri wanaposhukia.

Njia nyingine ni kuzamisha vipande vya zege katika mfereji uliochimbwa sakafuni mwa bahari, kama ilivyofanyika Istanbul. Mahali penye feri na meli ziendazo bandari ya Kilindini, ningechagua kutoboa, kwa kuwa mfereji ungezuia njia yao.

Mashine ya kutoboa lazima isukume uso wa ardhi kwa shinikizo linalolingana na la maji, huku nyuma yake pete za zege zenye kanda za mpira za kuzuia maji zikipangwa, na pengo la nje likijazwa rojo ya saruji papo hapo. Zege iwe nzito, isiyopenyeka kwa urahisi, maana chumvi hula chuma kilichomo.

Mahandaki yawe mawili, yakiunganishwa kwa njia za kukimbilia. Pampu ziwekwe pale reli inapofika chini kabisa, ziwe na umeme wa akiba, na zijaribiwe umeme mkuu ukiwa umezimwa kabla abiria wa kwanza hajapanda.