Kumwajiri yaya wa kulala kwenye nyumba ya shamba: somo la Malindi, Kenya, na vijiji vyake

Yaya wa Malindi mjini akichoka hupanda tuktuk, jioni ile ile akawa kwao Muyeye. Wa Jilore, Langobaya au Marafa hana njia hiyo, na mvua ikikaza hata bodaboda hakubali kuja. Wengi wanaotoroka nyumba za mashamba hawakimbii kazi, wanakimbia upweke. Basi usinishangae nikisema sana juu ya nauli na siku ya mapumziko.

Hatua ya 1: Amua kazi ni ipi. Shamba halina mwisho: maji, kuni, kuku, mbuzi. Ukimtaka alee mtoto wa miezi minane, usimtume kisimani mara nne kwa siku. Mtoto atabaki na nani? Mifugo itafutie mtu wake.

Hatua ya 2: Tafuta kupitia watu. Uliza msikitini, kanisani, kwenye chama cha akina mama, kwa mzee wa mtaa. Mpigie mwajiri aliyepita, umuulize aliondokaje. Angalia kitambulisho, aliye chini ya miaka 18 usimchukue, hata mamake akikusihi. Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Mlipie wewe, maana anayetafuta kazi hiyo pesa ataitoa wapi? Kisha nenda kwao. Kaa na wazazi, waambie mtoto wao atalala wapi, waachie namba yako. Mzazi aliyekuona uso kwa uso hukupigia mambo yakiharibika.

Hatua ya 3: Mjaribu siku chache, kwa malipo. Usipime vyombo vilivyong'aa. Mtazame mtoto anapolia saa tisa mchana, jua kali na kila mtu kachoka.

Hatua ya 4: Mshahara. Kwa amri ya mishahara ya Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani ni karibu shilingi 8,600 kwa mwezi nje ya miji, na karibu 14,870 katika miji iliyokuwa manispaa, kama Malindi. Hicho ni cha chini, si bei ya kujisifia. Chumba unachompa kinasimama badala ya marupurupu ya nyumba, hakipunguzi mshahara. Lipa kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Kuna NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ya mshahara kwake na 6 kwako. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wake, isiyopungua 300. Na ushuru wa serikali wa kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kila upande.

Hatua ya 5: Mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Karatasi moja ya Kiswahili yatosha, mkiisaini wote wawili. Andika likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku moja ya mapumziko katika kila saba.

Hapo ndipo tunapokosea mashambani. Tunampa Jumapili, lakini matatu ya kwanza hupita saa tatu, na saa kumi tunamtaka amerudi. Hayo si mapumziko. Aondoke Jumamosi alasiri arudi Jumatatu asubuhi, nauli juu yako. Iandikeni, kisha uiheshimu hata ukiwa na wageni.

Hatua ya 6: Kabla hajalala usiku wa kwanza. Mlango wenye komeo la ndani, chandarua, taa ya sola, mahali pa kuchaji simu. Mwonyeshe mfuniko wa kisima, na umkataze kuwapeleka watoto mtoni. Sabaki ina mamba. Namba za bodaboda wawili ziwe kwenye simu yake. Mtoto akipata homa, hospitali siku hiyo hiyo. Akiumwa na nyoka, hospitali mara moja, bila kuchanja wala kufunga kamba.

Maswali ya waajiri, kila moja na mahali lilikotoka

*Kakoneni: Yaya wangu ni mpwa wa mume wangu. Naye nimwandikie mkataba?*
Huyo hasa, dada. Jamaa huona haya kudai, na haya hiyo ndiyo inayogeuka kinyongo.

*Mambrui: Kavunja chupa ya chai, nimkate?*
Sheria inaruhusu kukata kwa uharibifu wa makusudi au uzembe wa kujitakia. Chupa iliyoteleza mkononi si hiyo. Nunua nyingine.

*Hindi, Lamu: Sisi Waislamu, yaya wetu Mkristo. Ramadhani tufanyeje?*
Chakula chake cha mchana kiwepo, na apike bila kujificha. Daku usimwamshe kama hamkukubaliana. Krismasi yake iwekeni kwenye kalenda tangu sasa.

*Ganda: Amefiwa, anaomba mshahara wa miezi miwili kabla ya wakati. Nikimpa hatarudi?*
Mpe wa mwezi mmoja na nauli. Andikeni mtakavyokata, kidogo kidogo kwa miezi minne. Matanga yanaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo kubalianeni tarehe ya kurudi kabla hajapanda pikipiki, na utafute wa kukushikia watoto mpaka hapo.