Kuchora kichwa cha mtu: anza na mfupa, fuata mabapa, macho yasubiri

Wengi wanaojifunza kuchora sura huanza na jicho. Wanalipamba kope kwa kope, wanaongeza la pili, pua, mdomo, na mwisho kichwa kinakosa kisogo na sikio halina pa kukaa. Jicho lenyewe ni zuri, ila fuvu la kulibeba halikuchorwa. Ndiyo maana hapa macho nimeyaweka mwisho kabisa. Tafuta penseli ya HB (ya kawaida) na 4B (laini na nyeusi zaidi), raba, karatasi yoyote, na mwanga unaotoka upande mmoja tu.

Hatua ya 1: Papasa kichwa chako

Weka vidole kwenye nyusi usikie ukingo wa mfupa. Zunguka pembeni mwa jicho, ufuate mfupa wa shavu mpaka karibu na sikio. Sasa gusa panja, ume meno: kuna msuli unatuna. Shuka kwenye kona ya taya, uma tena, utaupata mwingine. Hiyo ni misuli ya kutafuna, na ule wa tayani huchangia sana upana wa uso chini ya mashavu. Nyuma ya sikio kuna nundu. Geuza kichwa, na msuli mnene utasimama kutoka hapo hadi kwenye kishimo kilicho kati ya mitulinga.

Fuvu lina mifupa 22, na majina yake yote si lazima. Shika ile inayokaribia ngozi. Kumbuka pia kwamba taya la chini peke yake ndilo linalosogea: mtu akicheka kwa kinywa wazi, kidevu kinashuka na meno ya juu yanabaki palepale.

Hatua ya 2: Tufe lililobanwa

Chora duara kwa mkono mwepesi. Kichwa kimebinywa ubavuni kama tonge la ugali kati ya viganja, kwa hiyo kata pande za tufe kwa duaradufu. Ukingo wake wa juu ndipo nywele zinapoanzia, katikati ni nyusi, chini ni mwisho wa pua. Chukua nusu ya urefu wa duaradufu, uishushe chini ya pua: hapo ni kidevu. Sikio linakaa kwenye robo ya duaradufu iliyo nyuma na chini. Macho yanaangukia karibu na nusu ya kichwa kizima, chini kuliko unavyodhani, kwa sababu utosi unasahaulika ndani ya nywele.

Kugawa uso mafungu 3 namna hii (nywele hadi nyusi, nyusi hadi pua, pua hadi kidevu) ni kanuni ya zamani. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, aliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Itumie kuanzia tu, kisha mpime mtu aliye mbele yako. Watu wengi, ukiwatazama ubavuni, meno na midomo imetangulia mbele ya kidevu. Ukiinyoosha ili ifanane na sanamu za Ulaya, umemchora mtu mwingine.

Hatua ya 3: Vunja uso kuwa mabapa

Bapa ni sehemu tambarare inayotazama upande mmoja. Paji lina bapa la mbele na mawili yanayokunjia mapanjani. Pua ina manne: juu, kushoto, kulia, chini. Mfupa wa shavu ndio kona inayotenga mbele ya uso na ubavu. Mdomo wa juu unatazama chini, wa chini unatazama juu. Bapa lililo chini ya taya usiliache kamwe. Bila hilo kichwa kinaonekana kimebandikwa shingoni.

Hatua ya 4: Kivuli kimoja

Taa ikiwa juu kwa mbele, paka 4B kwenye kila bapa linalotazama chini: matundu ya macho, chini ya pua, mdomo wa juu, chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu. Weusi uwe mmoja, usichore hata mboni. Rudi nyuma hatua chache. Kama mabapa yamekaa sawa, mtu unayemchora ataanza kutambulika.

Kwa ngozi nyeusi, mng'ao husema zaidi kuliko kivuli. Paka kwanza rangi ya kati uso mzima, kisha inua mng'ao kwa raba pajini, juu ya shavu, puani na kwenye mdomo wa chini. Chunguza kingo zake: pajini unafifia taratibu kwa kuwa mfupa ni mviringo, ila kwenye ncha ya pua ni nukta ndogo yenye ukingo mkali. Kukandamiza weusi kila mahali kunaua umbo lote, na inasikitisha kuona sura nzuri zikipotezwa hivyo.

Hatua ya 5: Macho

Jicho ni gololi ndani ya tundu, na kope zinaizunguka. Ukope wa juu hutupa kivuli juu yake, kwa hiyo sehemu nyeupe isiachwe nyeupe ya karatasi.

Ukimaliza, mchore mtu huyohuyo akitazama juu, kisha akiinama. Akiinua uso, masikio yanashuka chini ya usawa wa macho na bapa la chini ya taya linaonekana lote. Akiinama, masikio yanapanda na utosi unachukua nafasi kubwa.