Safari Ndefu ya Pikipiki: Ya Kuweka Sawa Kabla, Ili Ikivurugika Bado Uifurahie

Ukipanga safari ya pikipiki ya siku kadhaa, hesabu kabisa kwamba kuna siku moja itakataa. Tairi litapiga pancha, mvua itakuwahi njiani, daraja litakuwa limefungwa, au mwenzako ataamka na homa. Huwezi kuzuia kila kitu. Unachoweza kuamua mapema ni kama siku hiyo itakuachia kinyongo au utaihadithia kwa raha miaka mingi baadaye, na kazi hiyo hufanyika nyumbani, kabla hujawasha injini.

Nianze na ya kawaida, hayana mjadala. Leseni, bima na kadi ya pikipiki vikae kwenye mfuko mmoja usioingiza maji. Oili ipimwe jinsi kitabu cha pikipiki kinavyosema, na karibu kila kitabu kitakwambia pikipiki isimame wima. Ukipima ikiwa imelalia stendi ya pembeni unajidanganya. Kagua taa ya breki mara mbili, kwa mkono kisha kwa mguu, kwa sababu pikipiki nyingi zina swichi mbili tofauti na moja ikifa huwezi kujua ukiwa umekaa juu. Helmeti iliyokwisha kugonga lami kwa nguvu iache, hata kama nje haina ufa. Povu la ndani likishabonyea halirudi, na povu hilo ndilo linalookoa kichwa.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko kilicho kwenye pikipiki yenyewe, na uangalie kama kuna kipimo tofauti cha unapobeba mzigo. Namba ya upepo iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha pikipiki yako. Ubavuni hapo hapo tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo hata kama mistari yake bado mirefu, na kwenye lami yenye maji halishiki.

Cheni usiipime mahali pamoja ukaridhika. Zungusha gurudumu taratibu, bonyeza hapa na pale, utaona kuna sehemu inakaza kuliko nyingine. Rekebisha kwa kufuata hiyo inayokaza. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka ulegevu wa milimita 20 hadi 35 hivi, ila kitabu chako ndicho hakimu. Kama cheni imeungwa kwa kiungo chenye kibanio, upande wa kibanio uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Kikikaa kinyume, siku moja kitachomoka na cheni itakufuata miguuni. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani hata kama hujaendesha. Yakichoka huchemka kwenye mteremko mrefu na mkono wa breki unalegea. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka 2. Usiondoke ukiwa na mashaka nayo.

Koti la mvua likae juu kabisa ya mzigo, si chini ya nguo za kulalia. Livaliwe wingu likionekana, maana ukishalowa umeshachelewa: upepo hukupoza kwa kasi, vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi huchelewa kuvuta breki.

Sasa niingie kwenye lile ambalo wengi hawaliandiki kwenye orodha zao, nalo ni muda. Hapa sikubali mjadala, kwa sababu nimemwona rafiki yangu akiteseka mbele ya macho yangu.

Tulikuwa kundi dogo. Yeye alikuwa amewaahidi watu waliokuwa wakimsubiri mwisho wa safari kwamba atakuwa nao jioni ile ile. Kilomita alizipanga zikajaa siku nzima, bila hata saa moja ya akiba. Mchana tairi lake la nyuma likapiga pancha. Lilikuwa tairi la mpira wa ndani, na kwenye begi alikuwa na kila kitu: vyuma vya kung'olea tairi, mpira mpya, pampu, viraka, spana ya ekseli. Kazi ya nusu saa kwa anayejua, na yeye anajua vizuri sana. Lakini kila baada ya dakika mbili alikuwa anatazama saa. Simu ikaita, akajibu kwa ukali kwamba yuko njiani. Tukamwambia apumzike tumshikie, akatusukuma mikono. Akaingiza mpira mpya ukiwa mkavu na bapa, bila kuupa upepo kidogo ujae umbo lake, akakandamiza chuma kwa uzito wote wa bega. Tairi likaingia kwenye rimu kwa kishindo. Akapiga pampu. Tairi likajaa, likasimama, kisha tukasikia ile sauti nyembamba ya upepo unaotoka, na haikuwa upande ule wa msumari.

Chuma kilikuwa kimeubana mpira mpya dhidi ya rimu na kuukata. Hakuwa na mwingine. Akautupa chini, akaenda kusimama mbali, mgongo ametugeuzia.

Mwenzetu mmoja aliyetuzidi umri alimfuata. Hakuchukua spana wala hakumpa pole. Alimwambia tu, "Ndugu yangu, piga simu useme leo hufiki." Akakataa. Akaambiwa tena kwa upole ule ule. Mwishowe akapiga, na upande wa pili wakamjibu kwamba aje kesho, wanachotaka ni kumwona mzima. Simu ilichukua muda mfupi kuliko hata pancha yenyewe. Aliporudi mabega yalikuwa yameshuka.

Kazi ikaanza upya, na safari hii ikaenda kama inavyotakiwa. Tuliurudia mpira wa zamani, kwa sababu tundu la msumari ni dogo na linazibika vizuri kuliko mkato wa chuma. Tukausugua kwa msasa, tukapaka gundi, tukasubiri hadi gundi ikaacha kung'ang'ania kidole ndipo tukabandika kiraka. Tukapitisha kitambaa ndani ya tairi lote kutafuta ncha iliyobaki, na kweli kilinasa kipande cha chuma ambacho mpira ule mpya ungekutana nacho hata kama usingekatwa. Tukaupa mpira upepo kidogo, tukapaka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi. Tukaanza kulivisha kutoka upande ulio mbali na valvu, tukimalizia kwenye valvu, na wakati wote mtu amekandamiza ule upande wa mbali kwa magoti ili ukingo uzame kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukifanya hivyo, sehemu ya mwisho inaingia karibu yenyewe. Chuma kilihitajika kidogo sana.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeinama, tukatafuta pa kulala hapo karibu. Na kesho yake, kwa kuwa ratiba ilikwisha kuvunjika na hakuna aliyekuwa anaifukuzia, tuliacha barabara kuu tukafuata njia ya vumbi ambayo sote tulikuwa tumeiona kwenye ramani na kusema hakuna nafasi. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mbele. Ukimuuliza leo kuhusu safari ile, ataanza na njia hiyo, na atakwambia alisimama kwenye kila kilele kidogo kuangalia tu. Mpira uliokatika atautaja baadaye, akitabasamu.

Msumari haukumharibia kitu. Hasira ndiyo iliyoukata mpira mpya, na hasira ile ilianzia kwenye ratiba aliyoiandika akiwa mezani. Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye kila siku nne au tano za kuendesha, acha siku moja tupu kabisa, isiyo na kilomita wala miadi. Wanaokusubiri waambie utafika kati ya siku fulani na fulani, usiwape saa. Mahali pa kulala usipalipie kote mapema kama pesa hairudi. Na weka pembeni fedha ya kulala siku mbili ambazo hukuzipanga. Usiiguse kwa kitu kingine. Fedha hiyo hukununulia utulivu, na utulivu ndio unaohitajika mikono ikiwa na kazi.

Mkubaliane na wenzako kabla ya kuondoka, tena kwa maneno, msidhaniane. Mwenye mwendo mdogo ndiye anayeamua mwendo wa wote. Yeyote akisema tusimame, mnasimama bila kumtaka maelezo. Pikipiki ikiharibika, jambo la kwanza ni kuitoa barabarani, la pili kuvua helmeti, kunywa maji na kukaa dakika kumi. Spana baadaye. Nimeliona hili likiokoa urafiki, si safari peke yake.

Jifunze kwa mikono ukiwa nyumbani. Ng'oa gurudumu lako mwenyewe kwa vifaa vile vile utakavyobeba, hata mara moja tu. Utagundua spana ya ekseli haipo, au chuma ni kifupi, na utagundua ukiwa kwenye sakafu kavu. Jua pia kuendesha kebo ya klachi ikiwa imekatika: gia hupanda ukipunguza mafuta kidogo na kusukuma kanyagio kwa wakati, shida kubwa ni kuondoka na kusimama tu. Anayejua haya, kebo ikikatika hubaki na kazi ya kufanya badala ya hofu, na kazi inayokwenda vizuri kando ya barabara ina furaha yake ambayo sijaipata kwingine. Ukishindwa ukamwita fundi, kaa naye. Mshikie taa, muulize anafanya nini na kwa nini. Mafundi wengi hupenda kuulizwa kwa heshima, na utaondoka na ujuzi.

Halafu kaa chini uandike unaenda kwa ajili ya nini, bila kutaja mahali pa kufika. Hili naona watu wanalidharau. Ernesto Guevara, yule mwanamapinduzi aliyekuja kujulikana kama Che, na rafiki yake Alberto Granado walianza safari yao ya Amerika Kusini kwa pikipiki ya Granado aina ya Norton, yenye injini ya cc 500, wakaondoka Buenos Aires Januari 1952. Pikipiki ilianguka nao mara nyingi, ikaungwaungwa, ikafia Chile kabla hawajafika nusu ya njia. Hawakurudi. Waliendelea kwa malori, meli na miguu, na mambo yanayokumbukwa zaidi katika safari ile yote yalikuja baada ya pikipiki kufa: wachimbaji wa shaba wa Chuquicamata, magofu ya Machu Picchu, wagonjwa wa ukoma wa San Pablo kule Peru. Wangekuwa wamekwenda kwa ajili ya pikipiki tu, wangerudi na huzuni. Sasa jiulize wewe: pikipiki ikigoma katikati, kuna nini hapo katikati utakachofurahi kukiona? Kama hujui, soma ramani yako upya kabla ya kulala leo.

Beba kitu cha kusubiria. Daftari, kitabu, karata, kamera ndogo. Siku ya kusubiri spea ni ndefu, na simu iwekewe akiba ya chaji kwa ajili ya dharura, si kwa ajili ya kukufukuzia uchovu wa kukaa.

Furaha ina mpaka wake, na usimlazimishe mtu. Aliyeumia au aliyetetemeka kwa baridi haambiwi aone upande mzuri. Anafunikwa, anapelekwa panapofaa, mengine yatakuja. Mtu akianguka vibaya usimvue helmeti isipokuwa hapumui vizuri, maana shingo inaweza kuwa imeumia. Ita msaada, uyazuie magari yasimpite karibu.

Usiku usiendeshe kwa sababu tu umechelewa. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa unakula mita 25 kila sekunde, na mnyama au shimo havitakusubiri taa yako ivimulike. Kuchelewa ndiko hasa kunakowafanya watu waendeshe gizani, ndiyo maana nilikung'ang'aniza ile siku tupu.

Pumzika kila baada ya saa moja na nusu au mbili hata kama hujisikii kuchoka. Kunywa maji kabla ya kiu. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo zinazoteleza zaidi, maana oili na vumbi vinaelea juu ya lami; simama kama unaweza. Mzigo mzito ukae chini na karibu na katikati ya pikipiki, na ukishaupakia shusha taa ya mbele isiwachome macho wanaokuja. Acha kwa mtu nyumbani njia utakayopita, na mkibadilisha njia mumwambie. Karatasi yenye jina lako, namba ya ndugu na dawa unazotumia ikae mfuko wa koti, si ndani ya boksi. Fyuzi za akiba zibebwe za ukubwa sahihi, usije ukaunganisha kwa waya ukachoma mfumo mzima. Na baada ya siku ya kwanza ya kuendesha, kaza tena boliti za kubeba mzigo, maana mtikisiko huzilegeza.