SOMO: Kuondoa masalia ya vizuizi vya mtandao kwenye kompyuta iliyotoka ofisi nyingine (Windows 10 na 11)

Habari zenu wanachama.

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo, Temeke. Walikuwa wamenunua kompyuta nne za mezani kwenye mnada wa kampuni moja iliyokuwa inabadilisha vifaa. Mashine nzima kabisa, zinawaka haraka. Tatizo lilikuwa intaneti. Simu za watu wote mle ndani zinashika Wi-Fi na kufungua kila kitu, lakini ukikaa kwenye kompyuta, ufungue ukurasa wowote ule, brauza inakurudishia maandishi yale yale: ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Kebo iko sawa, na alama ya mtandao pale pembeni inaonyesha imeunganishwa.

Fundi aliyetangulia alishawaambia dawa ni kupiga Windows upya. Mhasibu akagoma, na alikuwa na sababu: kwenye mashine mbili alishaingiza michango na mikopo ya wanachama ya miezi mitatu, na aliyewafungia programu ya hesabu hapatikani tena. Somo hili ni kwa ajili ya watu kama yeye. Pale ambapo hakuna cha kupoteza, kupiga Windows upya ndiyo njia fupi. Lakini mara nyingi mafundi tunaikimbilia kwa sababu hatujatafuta kinachozuia.

Kompyuta iliyotoka ofisi kubwa hutoka na maagizo ya huko. Imeambiwa isiende nje mpaka ipitie seva fulani (hiyo ndiyo proksi), iulize majina ya tovuti kwa seva nyingine (hiyo ni DNS), ichukue masasisho kwa ya tatu. Seva zote hizo zimebaki ilikotoka. Kompyuta bado inatii, ila anayetiiwa hayupo.

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha mashine ni yako au ya mteja wako kweli. Omba risiti au barua ya mnada, na uone namba ya mashine imeandikwa humo. Kama kompyuta bado ni ya mwajiri, vizuizi vile si masalia, ni kazi ya watu wa TEHAMA wa ofisi hiyo, na kuviondoa bila ruhusa kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa sisi wa Tanzania. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya 2018.

Hatua ya 1: Jiwekee mlango wa kurudia

Nakili data kwenye diski ya nje kwanza. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uangalie kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski:

manage-bde -status

Ikiwa imefungwa, chukua ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi:

manage-bde -protectors -get C:

Sasa tengeneza akaunti ya msimamizi iliyo ya mashine yenyewe:

net user fundi * /add
net localgroup administrators fundi /add

Ile nyota itakuuliza nenosiri. Ukimaliza, toka kwenye akaunti uliyomo, uingie kwa hii mpya ukiandika .\fundi kwenye sehemu ya jina. Kinukta na mkwaju wa nyuma vinaiambia Windows kwamba akaunti unayotaka ni ya mashine hii, si ya ofisi. Usiendelee mpaka umeingia nayo na kuona inafanya kazi. Nimeona mtu akiitoa kompyuta kwenye domeini (kundi la kompyuta za ofisi linalosimamiwa na seva yake) bila kufanya hivi, akaiwasha tena, na hapakuwa na akaunti hata moja ya kuingilia. Data ilikuwa mle ndani, na mwenye mashine amesimama nyuma yake.

Kama huna kabisa haki za msimamizi, simama hapo umpigie aliyekuuzia. Kuvunja nenosiri hakumo katika somo hili.

Hatua ya 2: Jua mashine inamtii nani

dsregcmd /status

Angalia mistari miwili kati ya ile ya juu, AzureAdJoined (imeunganishwa na akaunti za ofisi zilizo kwenye seva za Microsoft) na DomainJoined (imo kwenye domeini). Ikiwa wa kwanza unasema YES, nenda Settings, Accounts, Access work or school, chagua akaunti ya ofisi ya zamani ubonyeze Disconnect. Ikiwa ni wa pili, andika sysdm.cpl kwenye Run (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R), bonyeza Change, hamisha alama kutoka Domain kwenda Workgroup na uandike WORKGROUP. Itauliza jina na nenosiri. Kwa kuwa seva ya domeini haipatikani tena, weka ya ile akaunti ya fundi. Zima na uwashe.

Mtumiaji akiingia kwa akaunti mpya atakuta deskitopu tupu na ataogopa. Mwambie mapema. Mafaili yake bado yapo C:\Users kwenye folda ya jina la zamani, utayahamisha. Ila manenosiri aliyoyahifadhi kwenye brauza kwa kawaida hayahami kwa kunakili folda, kwa hiyo ayaandike kabla hujaanza hatua hii.

Hatua ya 3: Proksi, na ziko zaidi ya moja

Hapa ndipo ulipokuwa ugonjwa wa Temeke. Settings, Network & internet, Proxy. Kuna sehemu tatu: kujitafutia mipangilio, kutumia skripti, na kutumia seva ya proksi. Mimi nilikuta ya tatu imewashwa, ina anwani inayoanza na 10 na poti 8080. Anwani za namna hiyo ni za mtandao wa ndani wa ofisi tu, hivyo ukiwa kwenye mtandao mwingine huifikii seva ile. Zima skripti, zima seva. Ya kujitafutia unaweza kuiacha.

Proksi hii hukaa kwa kila mtumiaji peke yake. Ukiizima kwenye akaunti ya fundi, ya mhasibu bado imewashwa. Ingia kwenye kila akaunti. Firefox nayo inaweza kuwa na mipangilio yake mwenyewe, ichungulie.

Halafu kuna proksi ya pili ambayo wengi hawaijui, inayotumiwa na Windows yenyewe na huduma zake:

netsh winhttp show proxy

Jibu zuri ni "Direct access (no proxy server)". Ukiona anwani, iondoe:

netsh winhttp reset proxy

Dalili ya proksi hii ni kwamba brauza zinafungua kila kitu vizuri lakini masasisho ya Windows yanagoma. Ukikutana na hali hiyo, anzia hapa.

Ikiwa vitufe vya proksi ni vya kijivu na juu yake pameandikwa kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, nenda hatua ya 4 kisha urudi.

Hatua ya 4: Sera zilizobaki

Sera ni maagizo ambayo ofisi huyaandika ndani ya Windows. Kuitoa mashine kwenye domeini hakufuti kila sera iliyokwisha kuandikwa. Weka akiba kwanza ya rejista, ambamo Windows hutunza mipangilio yake:

reg export HKLM\SOFTWARE\Policies C:\sera_hklm.reg
reg export HKCU\SOFTWARE\Policies C:\sera_hkcu.reg

Nenda C:\Windows\System32, ruhusu kuona mafaili yaliyofichwa, ubadilishe majina ya folda GroupPolicy na GroupPolicyUsers (kama ipo) uongeze .zamani mwishoni. Kisha:

gpupdate /force

Washa upya. Kama vizuizi bado vipo, fungua regedit (programu ya kuhariri rejista) na uangalie chini ya Policies sehemu hizi: Google\Chrome, Microsoft\Edge, Mozilla\Firefox, na Microsoft\Windows\WindowsUpdate. Tafadhali usifute Policies yote kwa mkupuo. Futa ile tu uliyoisoma ukaelewa kwamba ni ya ofisi ya zamani.

Kwenye WindowsUpdate tafuta WUServer. Ikiwa ina anwani, mashine imekuwa ikiomba masasisho kwa seva isiyokuwepo. Moja ya zile nne haikuwa imesasishwa tangu iondoke kwenye ofisi yake, na hakuna aliyejua kwa sababu haikulalamika. Kwa chama kinachotunza pesa za watu, hilo lilinitisha kuliko proksi. Na wenye Windows 10 kumbukeni Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakubali 11, panda.

Hatua ya 5: Vidogo vidogo

Run, andika ncpa.cpl, fungua kadi ya mtandao, IPv4, weka anwani na DNS zote zijipatie zenyewe. Fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts (orodha ya majina ya tovuti na anwani zake) kwa Notepad uangalie kama kuna mistari isiyoanza na alama ya # ambayo huitambui. Kwenye kadi hiyo hiyo, ukiona kichupo cha Authentication, ondoa tiki ya IEEE 802.1X (kujitambulisha kwenye mtandao wa ofisi). Maliza na ipconfig /flushdns.

Hatua ya 6: VPN, antivairasi na fayawoli

Ondoa VPN (programu ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) na antivairasi ya ofisi ya zamani kupitia Settings, Apps. Baadhi huomba nenosiri la kuondolea, na analo mwenye mashine wa zamani, muombe. Usifute folda zake kwa mkono. Vipande vyake hubaki vimeshika kadi ya mtandao na unaweza kukosa intaneti kabisa.

Fayawoli iwekee akiba, ndipo uirudishe ilivyotoka kiwandani:

netsh advfirewall export "C:\fayawoli.wfw"
netsh advfirewall reset

Tahadhari niliyoipata pale pale Temeke: programu ya hesabu ilikuwa kwenye mashine moja, nyingine tatu zinaifikia kwa mtandao. Nilipofanya reset, ruhusa yake ikaondoka pamoja na zile za zamani na mhasibu akabaki peke yake kwenye vitabu. Nikaiongeza tena kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa, zikarudi. Andika ruhusa unazozihitaji kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 7: Vyeti

Vyeti ni vitambulisho ambavyo Windows huvitumia kuamua tovuti ipi iaminiwe. Run, certlm.msc, Trusted Root Certification Authorities, Certificates. Ofisi nyingi huweka cheti chao humu ili waweze kukagua hata kurasa zilizofungwa kwa https. Ukiona cheti chenye jina la kampuni ya zamani, kihifadhi kwa Export kisha kifute. Vingine usiviguse, Windows inavitegemea.

Ikiwa baada ya yote mtandao bado unasuasua, ndipo utumie netsh winsock reset na netsh int ip reset, uwashe upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, asante kwa somo. Nimezima proksi, intaneti ikaja. Nikiwasha kompyuta asubuhi naikuta imejirudisha. Nimefanya hivi siku tatu.

Jibu: Pole mkuu. Kuna kitu kinaiandika upya. Fungua Task Scheduler uangalie kazi zinazoanza mtu akiingia, na Task Manager sehemu ya Startup apps. Mara nyingi ni skripti ya ofisi au programu ya usimamizi iliyobaki. Ila tazama anwani yenyewe: ikiwa ni 127.0.0.1, proksi hiyo iko ndani ya mashine yako. Kama huna programu unayoijua inayotumia njia hiyo, shuku programu hasidi na upige skani ya Microsoft Defender Offline kabla ya kuingia benki au barua pepe.

Swali (Mombasa): Asalaam aleikum kaka. Mimi nilinunua laptopu iliyotoka Dubai. Nikaifuta yote, nikaweka Windows mpya, nikaunganisha Wi-Fi, ikaniletea jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi. Nimebadilisha hata diski. Nifanye nini?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Hiyo imesajiliwa kwenye Autopilot ya kampuni hiyo, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za ofisi. Usajili unaitambua mashine kwa vifaa vyake na umekaa kwenye seva za Microsoft, ndiyo maana kubadilisha diski hakukusaidia. Anayeweza kuifuta ni kampuni iliyoisajili. Piga picha ya namba ya mashine chini ya laptopu pamoja na risiti, mrudie aliyekuuzia awaombe waiondoe, au akurudishie pesa. Kuna watu watakwambia wana ujanja wa kuikwepa skrini ile. Usiwape pesa yako. Inawezekana pia mashine iliibiwa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Swali (Dodoma): Kaka, kazini wamefunga YouTube na mitandao yote. Hatua ya 3 na ya 4 zitanisaidia?

Jibu: Ndugu yangu, mashine ni ya mwajiri, kwa hiyo hapana. Kama unahitaji video kwa kazi, mwandikie mtu wa TEHAMA utaje ukurasa na sababu. Kuufungulia mtu mmoja ni jambo la dakika chache.

Swali (Unguja): Shikamoo mwalimu. Skuli yetu imepewa kompyuta kumi na mbili na ofisi ya nje ya nchi. Hazina data yoyote tunayoihitaji. Ndiyo nifanye hatua zote saba mara kumi na mbili?

Jibu: Marahaba. Hapana, hapo piga Windows upya, ufute vigawanyo vyote vya diski wakati wa kuweka. Anza na mashine moja mpaka mwisho, ukiwa umeunganisha intaneti, uone kama itadai akaunti ya ofisi ile. Ikidai, simamisha zote uwaandikie waliotoa msaada, uwape namba za mashine zote kumi na mbili kwa barua moja. Waulize pia nenosiri la BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows) kama lipo. Jambo la mwisho, kabla hujafuta andika:

slmgr /dlv

Ikiwa panatajwa KMS, leseni ile ilitegemea seva ya ofisi yao na haitakuja kwenu. Mashine nyingi huja na leseni ya kiwandani ndani ya ubao mama, na ukiweka toleo lile lile la kiwandani, mara nyingi Pro, hujisajili yenyewe ikipata intaneti. Jaribu kwa hiyo moja, urudi hapa utueleze imeandika nini.