Somo: Kuamua Shambulio kwa Dadu Katika Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Ndugu wanachama, katika michezo hii kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, naye msimamizi husimulia kisa na kuwaendesha maadui. Magomvi mengi niliyoyaona mezani hapa Kampala hayakusababishwa na dadu, bali na msimamizi aliyengoja dadu itue ndipo aseme ni namba gani iliyohitajika. Mchezaji aliyetupa 12 akaambiwa amekosa hawezi kujua kama amekosa kwa haki. Kwa hiyo somo hili linahusu zaidi kile kinachotangulia mtupo.

Hatua ya kwanza ni kupata dadu. Utaratibu ulioenea zaidi, unaotokana na Dungeons & Dragons iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, hutumia dadu yenye pande 20. Ukiikosa madukani, andika namba 1 hadi 20 kwenye vizibo 20 vya soda vya aina moja, uvitie mfukoni, uvitikise, kisha uchomoe kimoja bila kutazama. Kizibo lazima kirudishwe kabla ya kuchomoa tena, kwa maana kikibaki nje, kila namba iliyobaki itapata nafasi kubwa kuliko inayostahili, na 20 ikishatoka haitaonekana tena.

Hatua ya pili ni kutaja kinga, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate adui. Tuseme zimwi wa msitu wa Mabira ana kinga ya 14, na mshambuliaji mwenye mkuki ana nyongeza ya 4, inayotokana na nguvu zake pamoja na mazoezi yake. Namba ya dadu hujumlishwa na nyongeza, na jumla ikifikia au kuzidi 14, mkuki umempata. Maana yake anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu. Namba kuanzia 10 hadi 20 ni 11, na kwa kuwa kila upande una nafasi ya asilimia 5, mchezaji ana asilimia 55 za kufaulu. Msimamizi na aseme kwa sauti, "Unahitaji kumi," kisha anyamaze. Wapo wanaopenda kuficha kinga ya adui ili kuongeza hofu. Mimi naona hofu hukua zaidi pale ambapo meza nzima inaijua namba na inaitazama dadu ikibingirika.

Hatua ya tatu ni kutupa mara moja tu. Katika sheria nyingi za jamii hii, 20 yenyewe hupata shabaha hata kinga iwe kubwa namna gani, nayo 1 hukosa.

Hatua ya nne ni madhara, yaani namba inayopunguzwa kwenye uhai wa adui hadi uishe. Hapa dadu ya kawaida ya ludo inatosha: mkuki hutupiwa dadu moja ya pande sita, na tuseme nguvu za mhusika zinaongeza 2, hivyo wastani ni 5.5. Mtupo wa 20 ukitokea, tunatupa dadu mbili za madhara, lakini ile 2 hatuizidishi. Zimwi mwenye uhai wa 22 atahitaji mashambulio saba au nane hivi ya mkuki huu, yakiwemo yatakayokosa. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumleta mezani, kwa kuwa wachezaji wanne watammaliza katika raundi ya pili, ilhali mchezaji aliye peke yake huenda akafa kabla hajafika nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, je, naweza kutumia dadu mbili za ludo badala ya vizibo?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, ila usizichukue kinga zilezile. Dadu mbili zina njia 36 za kutua. 7 hupatikana kwa njia sita, lakini 2 na 12 kwa njia moja moja. Mshambuliaji wetu akikutana na kinga ya 11, atahitaji 7 au zaidi, yaani njia 21, ambazo ni asilimia 58 hivi. Jihadhari na nyongeza. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza ya 1 kwa kawaida huleta asilimia 5. Kwenye dadu mbili, ikimshusha mtu kutoka kuhitaji 8 hadi 7, humletea karibu asilimia 17, lakini ikimshusha kutoka 3 hadi 2 haimletei hata asilimia 3. Basi usigawe mikuki ya uchawi ovyo.

Mwanachama wa Arua: Shikamoo mwalimu. Anayevizia kutoka gizani apewe nyongeza gani?

Jibu: Marahaba. Usimpe nyongeza, mwache atupe dadu ya pande 20 mara mbili achukue iliyo kubwa. Kwa mfano wetu wa kuhitaji 10, nafasi yake hupanda kutoka asilimia 55 hadi karibu 80. Anayeshambulia bila kuona naye achukue iliyo ndogo, ambapo hubaki na asilimia 30 tu. Kwa wenye vizibo, kile cha kwanza kirudishwe mfukoni kabla ya kuchomoa cha pili.

Mwanachama wa Mbale: Kwa nini zimwi naye asitupe dadu ya kujikinga?

Jibu: Anaweza, na wachezaji wengine hupenda kuwa na la kufanya wanaposhambuliwa. Pande zote mbili zikiwa na nyongeza sawa, na sare akipewa mshambuliaji, atafaulu kwa asilimia 52.5. Hata hivyo mitupo inakuwa maradufu, na sheria ya sare itangazwe kabla ya pambano kuanza.