Wakitaka kugawa uwanja wenu, anzeni na tarehe

Bango lilikuwa karatasi moja tu, limepigiliwa misumari miwili kwenye nguzo iliyo nyuma ya soko, upande ambao watu hupitia wakienda chooni. Nililiona kwa sababu nilikuwa natupa vipande vya vitambaa. Lilisema kuna ombi la kubadilisha matumizi ya uwanja wetu uwe wa biashara, na mwenye pingamizi aandike ndani ya siku 14. Nikahesabu kwa vidole. Siku tisa zilikuwa zimeshapita.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika mji mdogo hapa Kenya, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Uwanja wenyewe ndipo vijana wetu wanapochezea mpira, ndipo chifu anapoitishia baraza, ndipo hema la chanjo ya watoto linapopigwa. Usiku ule vijana walitaka kuchoma matairi barabarani. Niliwaomba wanipe siku nne. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyofanya katika siku hizo nne na miezi iliyofuata, ili kwenu msianze gizani kama sisi.

Kwanza piga bango picha. Picha moja ya karibu, maandishi na tarehe visomeke, na nyingine ya mbali, ionyeshe limebandikwa wapi. Bango lililofichwa nyuma ya choo ni hoja tosha: Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwombaji awajulishe wananchi na kuwaalika walete pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kama hawakujulishwa inavyopasa, andikeni hivyo.

Barua ya pingamizi iwe ukurasa mmoja. Niliona watu wakiandika kurasa sita za hasira, na mtu wa ofisini hasomi kurasa sita. Yetu ilikwenda hivi: "Sisi wakazi na wafanyabiashara tuliotia saini hapa chini tunapinga ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja kilichotajwa katika ilani ya tarehe hii. Kiwanja hicho ni cha umma na kinatumika kila wiki kwa shughuli zifuatazo." Tukazitaja, pamoja na siku zake. Mwisho tukaomba mambo mawili: ombi likataliwe, na tuitwe tusikizwe kabla ya uamuzi wowote. Usisahau sehemu hiyo ya kuomba. Barua inayolalamika bila kusema inataka nini inamwachia aliyeipokea nafasi ya kuamua kwamba hamkutaka lolote.

Tulipima uwanja wenyewe pia. Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150, basi nikaitumia kutia alama kwenye kamba ndefu, na watoto wawili wakaivuta kutoka kona hadi kona. Hayo si mapimo ya sorovea na hatukuyaita hivyo, lakini tulipokuja kuona ramani tulijua papo hapo kwamba kipande kinachoombwa kilimeza hata njia ya kwenda kisimani.

Toa kopi tatu. Moja ya waziri wa ardhi wa kaunti, moja ya afisa wa mipango, moja yenu, na hiyo yenu ndiyo yenye thamani kuliko zote ikishapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Niliambiwa, "Mama, acha tu hapo mezani, mkubwa ataisoma." Nikamjibu kijana yule kwa heshima kwamba nimetoka mbali, nitasubiri muhuri. Nilikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa nane. Muhuri ukapigwa, wino wa zambarau, siku ya 13. Bila alama ile tungekuwa watu waliosema walipinga.

Siku hiyohiyo peleka barua ya pili, ya kuomba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu uandike kwa Kiswahili. Hakuna ada ya kuomba, unalipia gharama ya kopi tu. Ombeni ramani, jina la aliyeleta ombi, na kumbukumbu za mkutano wowote wa kushirikisha umma unaodaiwa kufanyika. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ndiyo maana nasema siku hiyohiyo: ukingoja habari kwanza, siku 14 za pingamizi zitakuacha. Wakinyamaza au wakikataa, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, na tume hiyo ina ofisi Kisumu.

Saini zilitusumbua kuliko yote. Mbali na barua ya pingamizi, tuliandaa pia ombi la wananchi, yaani petisheni, kwa bunge la kaunti; ukurasa wa kwanza ulikuwa na maelezo yote, kurasa zilizofuata zilikuwa na majina matupu. Zikarudishwa. Nani atajua kama wale watu walitia saini kupinga kunyang'anywa uwanja au kuhudhuria matanga? Kila karatasi ibebe kichwa cha ombi juu, kisha jina, nambari ya kitambulisho, mahali anapoishi mtu, saini au kidole gumba. Tukaanza upya, meza ikawa mbele ya cherehani yangu. Bibi mmoja wa miaka mingi alibonyeza kidole kwenye wino, akakiweka karatasini polepole, akakitazama, kisha akauliza kama anaweza kuweka na cha marehemu mumewe aliyeufyeka uwanja ule. Nikamwambia haiwezekani, nikamwandika kama shahidi wa historia yake. Na vijana, tafadhali, msimtilie saini mama aliye Nairobi. Saini moja ya uongo inawapa sababu ya kuzitilia shaka zote.

Ombi lenyewe linapitia kwa karani wa bunge la kaunti au mkononi mwa mwakilishi wadi wenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki hiyo. Semeni mmeshajaribu ofisi gani na zikajibu nini, semeni kama kuna kesi mahakamani au hakuna, malizieni na mnachoomba.

Waziri akipitisha mabadiliko licha ya pingamizi, hesabu inaanza upya: siku 14 tangu uamuzi, mkate rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti. Si mwenye kiwanja peke yake anayeruhusiwa, yeyote anayeguswa na jambo anaweza. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama tayari Nema, mamlaka ya taifa ya mazingira, imetoa leseni ya mazingira kwa mradi, rufaa ya leseni hiyo ina mlango wake, jopo la taifa la mazingira, ndani ya siku 60. Na kama ni Tume ya Taifa ya Ardhi inayotaka kugawa ardhi ya umma, lazima itangaze angalau siku 30 kabla, kwa hiyo mtu wenu mmoja awe na kazi ya kusoma Gazeti Rasmi la Serikali.

Maandamano? Ndiyo, ni haki, kifungu cha 37 cha Katiba. Mkuu wa kituo cha polisi anapewa ilani ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, yenye jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni ilani, si kuomba ruhusa. Nakala yake nayo ipigwe muhuri. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alianza kwa kuandika barua, ofisi baada ya ofisi, na jengo lile halikujengwa. Vijana wangu walipolisikia hilo waliacha matairi wakaja kunisaidia kupanga karatasi.

Tuliitwa tukasikizwa, na ombi lile likakataliwa. Hapo ndipo nilipotaka kulala, na mwalimu mmoja mstaafu akanikataza. Akatutuma turudi kuchukua uamuzi kwa maandishi, kisha tuiandikie kaunti iagize uwanja upimwe na usajiliwe kama ardhi ya umma, kwa sababu uwanja usio na karatasi utaombwa tena na mtu mwingine. Barua hiyo ilipigwa muhuri Machi. Sorovea amekuja mara moja, ameweka mawe matatu kati ya manne. Kwenye mawe hayo matatu tumepanda miche ya siala, na kila Ijumaa jioni nikifunga duka napita kuimwagilia maji na kuangalia kama mawe bado yapo.