Somo la nne: Kupanga edita ya Godot kwenye laptopu yenye skrini ndogo

Wanadarasa, hamjambo. Leo tunapanga edita, yaani dirisha la kazi la Godot, programu yetu ya kutengenezea gemu. Jumamosi pale Mwanga nilikaa nyuma ya mwenzetu mmoja nikamwangalia anavyofanya kazi. Anabonyeza F5, gemu linafunguka na kufunika kila kitu. Anaona mtumbwi umekaa vibaya, analifunga, anarudi kwenye kodi (maandishi ya programu), kisha anajikuna kichwa: "Hivi ulikuwa umeegemea kushoto au kulia?" Anafungua tena. Nilihesabu mara kumi na moja, nikaacha.

Tatizo lake halikuwa kodi. Na kabla hamjaanza kuniuliza bei ya monita, niseme tu kwamba mimi niliwahi kununua moja iliyotumika nikidhani ndiyo dawa. Nikapata fujo ileile, mara hii kwenye vioo viwili. Kwa hiyo monita leo tutaifikia mwishoni.

Mfano ni gemu letu lilelile: mvuvi yuko ziwani usiku, anawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Laptopu ninayoizungumzia ina skrini ya 1366 kwa 768, kama zilivyo nyingi za mkononi mwa mtu hapa Kigoma.

Hatua ya 1. Ondoa somo kwenye laptopu

Ukijifunza unahitaji kuona vitu vitatu: unachohariri, gemu likicheza, na video au maandishi unayofuata. Hicho cha tatu kihamie kwenye simu. Pakua video usiku kwa bando la usiku, simu iegemeze kwenye kikombe, basi. Kubadilisha madirisha kila sekunde kumi ndiko kunakochosha watu wakadhani programu ni ngumu.

Hatua ya 2. Safu moja badala ya mbili

Hapa tukae kidogo. Godot inapofunguka mara ya kwanza huweka "Scene" (orodha ya vitu vya gemu) juu kushoto, "FileSystem" (mafaili) chini yake, na "Inspector" (sifa za kitu ulichochagua) kulia. Kwenye skrini pana ni sawa. Kwenye yetu, safu hizo mbili zinabana katikati mpaka ziwa letu linakuwa dimbwi.

Shika kichwa cha "Scene" kwa kipanya, kiburute mpaka upande wa kulia, juu. "Inspector" ishushe chini yake: bonyeza kichupo chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, au nukta tatu za juu ya paneli, uchague kiboksi cha chini upande wa kulia. "FileSystem" nayo iweke pamoja na "Scene" kama kichupo cha pili. Paneli zote zikishahama, safu ya kushoto inatoweka yenyewe.

Kwa nini "FileSystem" ikae na "Scene" na si na "Inspector"? Kwa sababu mara nyingi tunachukua picha kwenye mafaili na kuidondosha kwenye sifa ya kitu, kwa mfano picha ya mtumbwi kwenye "Texture" ya Sprite2D (kitu kinachoonyesha picha). "FileSystem" na "Inspector" zikiwa vichupo vya paneli moja, ukifungua moja nyingine imejificha, huna pa kudondosha. Wapo wanaopanga kinyume chake na maisha yao yanaendelea, lakini jaribuni hivi kwanza.

Mstari unaotenganisha "Scene" na "Inspector" uvute juu. Orodha ya vitu vyetu ni fupi, sifa zake ndizo ndefu.

Hatua ya 3. Punguza dirisha la gemu

Godot 4 huanza na dirisha la 1152 kwa 648. Piga hesabu mwenyewe kwenye skrini ya 1366. Ingia "Project Settings", sehemu ya "Display", kisha "Window". Washa "Advanced Settings" ili uone "Window Width Override" na "Window Height Override". Andika 576 na 324, yaani nusu kamili. Halafu hapohapo chini, "Stretch" na "Mode" yake iwe canvas_items. Ukisahau hiyo ya mwisho, gemu halitapungua, litakatwa: utaona robo ya ziwa na mvuvi hayupo.

Kuanzia toleo la 4.4, la mwaka 2025, gemu linaweza kuchezwa ndani ya edita yenyewe, kwenye kichupo cha "Game". Wengine wanapenda. Mimi huzima, maana nataka kuiona "Inspector" na gemu kila kimoja mahali pake. Uamuzi ni wako.

Na jizoezeni F6 badala ya F5. F6 inacheza sin (scene, yaani sehemu moja ya gemu) uliyoifungua tu. Ukirekebisha mwanga wa taa, menyu ya mwanzo haina kazi hapo. F8 inasimamisha.

Hatua ya 4. Hifadhi

Menyu ya "Editor", kisha "Editor Layout", kisha hifadhi kwa jina. Mimi nina mbili: "kuchora" na "kuandika". Wakati wa kuandika kodi tu, Ctrl+Shift+F11 inaficha paneli zote za pembeni. Ukibonyeza tena zinarudi.

Hatua ya 5. Monita, kama unayo

Bonyeza Windows+P, chagua kupanua skrini. Kisha kwenye mipangilio ya skrini buruta vile viboksi vifanane na meza yako ilivyo. Monita ikiwa kushoto kwako halafu Windows inadhani iko kulia, kipanya kitakupotea siku nzima. Edita ikae kwenye kioo kilicho mbele ya uso wako, gemu liende pembeni. Kwa Godot ni kwenye "Editor Settings", sehemu ya "Run", "Window Placement", ambapo unachagua gemu lifunguke kioo kipi.

Maswali ya wanadarasa

*Wa Ujiji:* Mwalimu, umeme ukikatika monita inazima, laptopu inaendelea na betri, lakini gemu silioni tena. Linacheza, sauti naisikia!

Linacheza kwenye kioo kilichozima. Kwa kebo ya VGA mara nyingi Windows haitambui kwamba monita haina umeme. Lichague kwa Alt+Tab, kisha bonyeza Windows+Shift+mshale wa kushoto, litarukia laptopu. Au Windows+P, uchague skrini ya kompyuta pekee, vyote vinarudi nyumbani.

*Wa Kasulu:* Laptopu yangu ina HDMI, monita ni ya VGA. Nilinunua adapta haifanyi kazi.

Itazame vizuri dada, inawezekana ni ya kutoka VGA kwenda HDMI. Zinafanana, lakini hazigeuziki. Yako lazima ipokee HDMI na kutoa VGA. Nenda nayo laptopu dukani, jaribu kabla ya kulipa.

*Wa Gungu:* Mimi natumia Unity kutengeneza gemu, siyo Godot. Nimevuruga paneli zote.

Menyu ya "Window", "Layouts", "Default". Hapohapo kuna "2 by 3" inayoonyesha sin na gemu kwa pamoja. Jambo jingine la Unity linaloliza watu: ukibadilisha thamani gemu likiwa linacheza, ukilisimamisha mabadiliko yanapotea. Ingia "Preferences", "Colors", ubadilishe "Playmode tint" iwe nyekundu ya kupiga kelele. Edita ikiwa nyekundu, mikono juu.

*Wa Uvinza:* Maandishi ni madogo, macho yanauma.

"Editor Settings", "Interface", "Editor", "Display Scale". Ukiongeza ukubwa, nafasi inapungua, kwa hiyo rudi hatua ya 2 ubane zaidi. Macho kwanza.

*Wa Kibirizi:* Na sisi wenye simu tu, kaka?

Godot ina edita ya Android, na inafanya kazi. Kuandika kodi kwa kidole ndiyo shughuli. Tafuta kibodi ya Bluetooth hata ya kuazima, simu iweke kwa ulalo, na ufanye sin moja ndogo kwa wakati. Njoo Jumamosi na simu yako, tuanze na taa ya mvuvi.